Bawa la Kushoto la Shali Nyeusi

Simu yangu ililia nikiwa nimeinama kwenye cherehani. Nikasoma ujumbe:

“Fundi, naomba mkasi. Ni mimi, msaidizi wako.”

Aliyetuma alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa, nyuma ya pazia. Nilikuwa nasikia hata kiti chake kikilalamika kila anapojigeuza. Lakini kwa siku kumi na tatu mimi na mchumba wangu tulikuwa tunaandikiana ujumbe ndani ya chumba kimoja, na kila ujumbe wake aliumalizia na maneno yale yale. Msaidizi wako. Nimeyasoma mpaka nikawa nayaona nikifumba macho.

Nikachukua mkasi, nikasogea kwenye pazia. Mkono ukatoka peke yake, kiganja juu.

“Mama Nyuzi,” nikamwita, jina nililompa mwenyewe tangu tulipojuana.

Vidole vikajikunja mara mbili. Lete.

“Tutaishi hivi mpaka lini?”

“Mpaka Jumapili,” sauti ikajibu. “Jumapili nahama. Mkasi, tafadhali.”

Nikampa. Nikarudi kukaa, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi tena. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga pedali hata pasipokuwa na kitambaa chini ya sindano.

Tuelewane kwanza. Mimi ni fundi wa magauni ya harusi. Yeye anafuma lesi, kwa mkono, kwa kulabu moja nyembamba ambayo mpini wake umelika kwa vidole vyake. Miaka sita tuko duka moja. Mwanzoni alikaa mbele, dirishani, kwenye mwanga. Halafu nikatundika pazia ili wateja wapate pa kubadilishia nguo, na kiti chake kikasogea nyuma kidogo, kikasogea tena, mpaka siku moja akawa yuko nyuma ya pazia moja kwa moja. Hakuna aliyeamua. Lakini aliyetundika pazia ni mimi.

Sasa nieleze nilivyolikoroga.

Kuna mtangazaji mmoja wa redio, sauti yake inajulikana mpaka na watoto wachanga. Alikuja kuagiza nguo za harusi yake.

“Nataka gauni rangi ya damu ya mzee,” alisema, “na shali nyeusi ya lesi. Nyeusi tii. Iwe na mawaridi makubwa, iwe na utando kama wa buibui, watu wakiniona wasijue kama nimekuja kuolewa au nimekuja kumtoa mtu roho.”

“Bibi harusi na nyeusi?” nikauliza.

“Nyeupe nilishavaa mara ya kwanza. Haikunisaidia kitu.”

Mama Nyuzi alicheka nyuma ya pazia mpaka mteja naye akacheka. Akaanza kazi siku hiyo hiyo. Shali ya pembe tatu, inayofumwa kutoka ncha moja kwenda nyingine. Unaanza na matundu matatu, unapanua mstari kwa mstari mpaka katikati ya mgongo, hapo ndipo linakaa waridi kubwa, halafu unapunguza mpaka ncha ya pili. Sisi tunaita bawa la kulia na bawa la kushoto. Yeye anafuma, mimi jioni navuta kigoda karibu yake, nashika donge la uzi nikimlegezea, tunapiga porojo. Yeye anahesabu mistari. Mimi, kwa ugonjwa wa ufundi, napima kwa tepu. Kila mistari kumi, nampimia. “Sentimita kumi na tano kamili,” namwambia, na yeye ananijibu, “Nilijua, kaa chini.”

Siku anamaliza bawa la kulia, Jumanne, mtangazaji akapita kuangalia maendeleo. Gauni langu lilikuwa limesimama kwenye sanamu, limepigwa pasi, mishono yote imelala. Hakuliangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile nusu shali, akaiinua dirishani, mwanga ukapita kwenye matundu, na uso wake wote ukajaa vivuli vya mawaridi.

“Mungu wangu,” akasema. “Hii nani kafuma?”

Ningesema neno moja tu. Mwanamke mwenyewe alikuwa pale pale, nyuma ya kitambaa.

“Kazi zote za humu ni zangu,” nikasema.

“Na yule dada anayekaa nyuma?”

“Yule? Ni msaidizi wangu tu. Ananisaidia vijikazi vya mkono.”

Kile kiti, kinacholalamika siku nzima, kilinyamaza.

Mteja alipoondoka, Mama Nyuzi akatoka. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia.

“Rudia,” akasema.

“Nini?”

“Ulichosema. Nataka nione mdomo unavyokaa ukisema.”

“Mpenzi, ile ilikuwa biashara. Nilikuwa nauza kazi.”

“Uliuza kazi yangu, na mimi ukanitupia humo humo kama nyongeza. Mimi ni nani kwako?”

“Mchumba wangu! Mwisho wa mwaka nakuoa!”

“Mbona yeye hukumwambia?”

Nilikuwa na majibu kumi na yote yalikuwa ya kijinga. Nikachagua la kijinga kuliko yote.

“Neno moja tu hilo. Unalikuza.”

Akarudi nyuma ya pazia na kulivuta mpaka mwisho wa fimbo. Dakika tano baadaye simu yangu ikalia: “Fundi, nimeanza bawa la kushoto. Ni mimi, msaidizi wako.”

Na ndiyo tukawa hivyo.

Jumatatu ile ya mkasi, kabla sijakaa vizuri, simu ikalia tena. Shangazi yake.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Sikukupigia tusalimiane. Nimempatia mtoto wangu chumba cha kazi jirani na kwangu. Kina dirisha kubwa. Leo namwonyesha, Jumapili gari linakuja kubeba vitu vyake. Usinikalie mlangoni.”

“Shangazi, mimi nampenda.”

“Sikukuuliza hilo. Nakuuliza hivi: watu wakikuuliza yeye ni nani, unasemaje?”

Nikafungua mdomo.

“Umeona?” akasema. “Swali dogo hivyo.” Akakata.

Saa sita mchana ukaja ujumbe: “Shali imekwisha. Iko mezani. Natoka na shangazi. Msaidizi wako.” Akapita pembeni yangu na mkoba wake, macho yanaangalia mlango, harufu ya sabuni yake ikabaki. Siku kumi na tatu amefuma bawa zima bila mimi kushika uzi. Niliuonea wivu hata ule mkoba.

Nikaikunjua shali. Jamani, mwanamke anajua kufuma. Nyeusi imeiva, mawaridi yamefumbuka nusu, utando mwembamba kiasi cha kuogopa kuupumulia, na pembeni kote vitone vidogo vinavyocheza ukiigusa. Nikaivika kwenye sanamu juu ya gauni, waridi kubwa nikaliweka katikati ya mgongo, nikarudi nyuma kutazama.

Nikatazama tena. Ncha ya kulia ilifika gotini. Ya kushoto iliishia juu juu, kwenye paja.

Nikaishusha, nikaiweka upya. Vile vile. Nikatoa tepu. Bawa la kulia, sentimita tisini. Bawa la kushoto, sabini na tano. Nikahesabu mistari kwa ncha ya pini: sitini kulia, sitini kushoto. Hakuruka hata mmoja. Lakini upande ule matundu yalikuwa madogo, mafundo yamebanwa mpaka uzi unang’aa. Kwenye mstari wa katikati alikuwa amefunga kauzi keupe ka alama. Kabla ya alama, uzi umelegea. Baada ya alama, umekaza, kuanzia mstari wa sitini na moja mpaka mwisho. Mstari wa sitini na moja aliufuma Jumanne ile, baada ya mimi kufungua mdomo.

Nilikaa chini na shali mapajani. Bawa lote lile alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, ameumia hivyo, na mimi nimekazana kushona pindo. Na asingeweza kujua, kwa sababu yeye anahesabu, na mpimaji alikuwa hasemeshwi.

Mtu mwenye akili angemsubiri arudi, akamwambia. Mimi sikuwa na ujasiri. Nikimwambia kazi yake imekosewa, atasema ndiyo hayo hayo, namshusha. Nisipomwambia, kesho mteja anakuja kujaribu nguo. Harusi Jumamosi. Nikazunguka meza mara tatu, halafu nikapata wazo, na lilikuwa wazo ambalo hakuna mwanadamu angelipata isipokuwa fundi cherehani mwenye hatia.

Ukiisogeza shali sentimita saba na nusu upande wa kushoto, ncha mbili zinalingana. Tatizo ni kwamba waridi la mgongoni nalo linasogea. Basi, nikasema, gauni nalo lisogee! Nikafumua vifungo vyote vya mgongoni, ishirini na viwili, nikavihamisha sentimita saba na nusu, vifuate waridi. Nilishona mpaka vidole vikawaka. Nikaivika shali, nikasimama mlangoni, nikatazama kwa jicho moja.

“Safi,” nikajiambia. Nilikuwa natoka jasho.

Jumanne asubuhi mtangazaji akaingia. Mama Nyuzi alikuwa nyuma ya pazia akifunga vitu vyake kwenye maboksi. Nilisikia utepe wa gundi ukichanika, kila mchaniko unanipita mbavuni. Mteja akavaa gauni, akaivaa shali, akasimama kati ya vioo viwili.

Akageuka kulia. Akageuka kushoto. Akajaribu kuufikia mgongo wake kwa mkono.

“Fundi.”

“Naam, dada.”

“Uti wa mgongo wangu umehama?”

“Hapana, dada. Ni mtindo.”

“Mtindo gani? Vifungo viko kwenye mbavu. Nikigeuka nyuma naonekana natazama pembeni.” Akaivua shali, akaikunja katikati, ncha kwa ncha. Ule mkunjo ulisema kila kitu. “Ahaa. Na hii ina bawa moja fupi. Ndiyo maana umelihamisha gauni? Siku nne zimebaki, fundi. Nani kaharibu? Yule msaidizi wako?”

Mlango huo hapo, umefunguliwa wazi. Kusema ndiyo tu. Angemlaumu mtu asiyemjua, mimi ningebaki fundi mzuri mwenye msaidizi mbaya, na msaidizi mwenyewe Jumapili anahama. Nyuma ya pazia utepe wa gundi ukaacha kuchanika. Kile kiti kikanyamaza, vile vile kama siku ile.

“Siyo msaidizi wangu,” nikasema.

“Nini?”

“Sina msaidizi.” Nikaweka tepu mezani. “Ulipouliza nani kafuma, nilikudanganya. Hii kazi ni yake. Lesi yote iliyowahi kutoka humu ni yake, mimi sijui kufuma hata kamba ya kiatu. Ni mchumba wangu. Aliyasikia yale niliyokwambia, akafuma nusu hii akiwa ameumia, mkono ukakaza. Kosa la bawa hili ni mdomo wangu. Na kosa la vifungo ni mimi pia, niliona haya kumwambia.”

Nikalivuta pazia. Lilikwama, nikalivuta kwa nguvu zaidi, pete mbili zikakatika.

Mama Nyuzi alikuwa amesimama kati ya maboksi, mkono mmoja mdomoni. Hakunitazama. Alitazama shali. Akaja, akaichukua, akainyoosha kwenye mikono yake miwili.

“Haiwezekani. Nimehesabu. Sitini na sitini.”

“Mistari ni sitini,” nikasema. “Sentimita ni sabini na tano.”

Akapitisha kidole juu ya matundu, akafika kwenye kauzi keupe, akarudi, akaenda tena. Niliona alipoelewa.

“Umejua lini?”

“Jana.”

“Ukahamisha vifungo.”

“Nikahamisha vifungo.”

“Ishirini na viwili?”

“Vyote.”

“Wewe mwanaume!” akapasuka, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na nne kunipigia kelele, na mimi nikafurahi kama mpumbavu. “Kila kitu unakifunika na kitambaa! Mimi umenifunika na pazia, bawa ukalifunika na gauni! Kusema tu, kusema, ungekufa?”

Mtangazaji alikuwa ameketi kwenye meza yangu ya kukatia, na gauni lake la vifungo vya mbavuni, anatusikiliza kama vile amelipiwa kutusikiliza.

“Dada,” akamgeukia Mama Nyuzi, “hii ni kazi yako?”

“Yangu. Mstari kwa mstari. Na ilipoharibika pia ni yangu.”

“Mume wangu wa kwanza naye alikuwa mtangazaji,” akasema taratibu. “Kila alichosema hewani nilikiandika mimi. Akiulizwa, anasema ni msaidizi wangu tu. Kwa hiyo neno hilo nalijua.” Akanitazama mimi sekunde chache ambazo sikuzipenda. “Wewe tutaongea siku nyingine. Dada, Jumamosi itawezekana? Ukiilowesha na kuivuta kwa pini?”

“Itatoa sentimita tatu, nne. Siyo kumi na tano. Bawa lote lifumuliwe, nianze upya kwenye alama.” Akanyoosha vidole vyake. “Sitakudanganya. Siku nne zinatosha, nikifuma usiku na mchana. Mkono ndio sijui. Ukikaza tena, itatoka hivi hivi.”

“Basi mlegezeni huo mkono,” akasema, akashuka mezani. “Mimi nina kipindi saa tisa. Na vifungo virudi mgongoni.”

Tukabaki wawili. Akavuta kiti chake mpaka dirishani, juu ya alama za zamani za miguu ya kiti ambazo bado zilikuwa kwenye sakafu. Akakaa, akakata fundo la mwisho, akaanza kufumua. Mimi nikakaa kwenye kigoda, nikawa nazungusha uzi kwenye donge. Mstari ukaondoka, na mwingine, waridi likapotea jani kwa jani. Kazi ya siku kumi na tatu inaondoka kwa saa moja, na sauti yake ni ndogo sana.

“Kwa nini?” akauliza, bila kuinua macho. “Usiniambie biashara.”

“Wivu.”

“Wa nini?”

“Wako. Watu wakiingia humu wanaangalia kazi yako kwanza. Nakaa wiki nzima nashona gauni, anaingia mtu, anapita pembeni yake kama ukuta, anaishika lesi anasema Mungu wangu. Miaka sita, Mama Nyuzi. Hakuna aliyewahi kusema Mungu wangu mbele ya mshono wangu. Siku ile ikanishinda. Nikataka hiyo Mungu wangu iwe yangu, hata kwa dakika moja.”

Uzi ukasimama.

“Ungeniambia hivyo ningekuelewa,” akasema. “Hilo lingeniuma kidogo. Hili la kunifuta limeniuma sana. Nilikuwa nakaa kule nyuma najiuliza, huyu ndiye atakayenisimamia mbele ya watu maisha yangu yote? Nikawa nakaza uzi nisije nikakurushia kulabu.”

“Nisamehe.”

“Fumua kwanza.”

Tulipofika kwenye kauzi keupe, akaanza. Mistari kumi, nikapima. Sentimita kumi na tatu. Akafumua. Mistari kumi tena. Kumi na tatu na nusu. Akafumua kwa hasira, uzi ukakatika.

“Pumua,” nikasema.

“Usiniambie nipumue!”

“Sawa.”

“Na usinitazame vidole!”

“Nitazame nini?”

“Toka nje! Nenda! Unanitia kiherehere na hilo tepu lako!”

Nikatoka. Nilitembea barabara ile yenye maduka mpaka mwisho, nikarudi, nikaenda tena. Muuza viatu akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamwambia bado. Nilinunua maji, nikayasahau kaunta. Kila hatua nilikuwa naona gari la shangazi limeegeshwa mlangoni, maboksi yanapandishwa. Nilipita mbele ya dirisha letu mara tano. Ya sita nilijizuia.

Simu ikalia mfukoni.

“Fundi, njoo ushike uzi.”

Nikashusha macho kutafuta yale maneno ya mwisho. Hayakuwepo. Nikausoma tena nikiwa nakimbia.

Aliponiona nimeingia nahema, akasogeza donge kwa mguu.

“Kaa. Nisimulie kitu chochote. Upumbavu wowote.”

Nikamsimulia habari za vifungo: jinsi nilivyotoka jasho, jinsi nilivyotazama kwa jicho moja nikasema safi. Nilipofika kwenye “ni mtindo, dada,” akaanza kutikisika mabega. Akajizuia. Akashindwa, akacheka mpaka kulabu ikamdondoka na machozi yakamtoka, na sikujua yalikuwa ya kucheka yote au la. Mistari kumi. Nikanyoosha tepu.

“Ngapi?”

“Kumi na tano kamili.”

Akafuta macho kwa kiwiko. “Sijakusamehe,” akasema. “Mkono umelegea tu.”

“Nimekubali.”

“Na ukome kutabasamu.”

Siku nne hatukufanya kingine. Yeye mistari, mimi uzi, katikati narudisha vifungo mahali pake. Shangazi alipiga simu mara tatu, na kila mara Mama Nyuzi alimjibu, “Nitakwambia, shangazi,” akiangalia dirishani. Yale maboksi hayakufunguliwa. Niliyapita nikienda na kurudi, nikayachukia moja moja. Ijumaa mchana akafunga fundo la mwisho. Tisini kulia. Tisini kushoto.

Jumamosi tulikwenda ukumbini kumvika bibi harusi. Alipoingia, watu walisimama bila kuambiwa. Gauni damu ya mzee, shali nyeusi imetulia mabegani, waridi katikati ya mgongo, vifungo ishirini na viwili vimeshuka chini yake vimenyooka. Bwana harusi alisahau kusogea. Mama wa bwana harusi akatufuata pembeni tulipokuwa tumesimama na mkoba wa sindano.

“Mwanangu, wameniambia shali umefuma wewe. Mikono yako ibarikiwe.” Halafu akanigeukia mimi. “Na huyu kijana uliyekuja naye?”

Neno lile lilikuwa lake sasa, na alikuwa na haki nalo. Angeniita msaidizi wake tu, mbele ya ukumbi mzima, na mimi ningeitikia. Nikashika mkoba kwa mikono miwili, nikasubiri.

Mama Nyuzi alinitazama. Alichukua muda wake, mwanamke yule.

“Huyu ni fundi,” akasema. “Gauni lote kashona yeye. Mwangalie pale begani, mama. Unaona mshono? Hauonekani. Miaka sita nafanya naye kazi, sijaona fundi mwingine anayelaza bega hivyo.”

Yule mama akakaza macho. “Mungu wangu,” akasema.

Nilikwenda kusimama nyuma ya nguzo. Nililia, ndiyo, mtu mzima na ndevu zangu.

Tulipotoka nje nikamuuliza, maana nisingelala bila kuuliza.

“Kesho gari linakuja?”

“Nimempigia shangazi. Nimemwambia chumba ampe mtu mwingine.” Kabla sijaruka akaninyooshea kidole. “Lakini nyuma ya pazia sirudi.”

“Pazia lenyewe halipo. Nimelitoa asubuhi.”

“Wateja watabadilisha nguo wapi?”

“Nitawajengea kichumba kwenye kona, chenye mlango. Wewe kaa dirishani.”

“Na mtu akiuliza mimi ni nani?”

“Nitamwambia kabla hajauliza.”

Akaguna. Lakini mkono wake ukaja kushika upande wa pili wa mkoba.

Jumapili nilimkuta ameshafungua maboksi. Amekaa dirishani, jua liko mapajani, na kulabu inakwenda. Uzi mweusi. Nikavuta kigoda.

“Mteja gani huyo?”

“Siyo mteja. Ni yangu.”

“Ya harusi?” nikauliza. “Yetu?”

“Inategemea itakavyotoka.” Akamaliza mstari, mfupi, matundu matatu, akanisukumia. “Pima.”

“Ni mstari mmoja tu, mpenzi. Kuna nini cha kupima?”

“Pima hivyo hivyo. Nataka ujue ilivyoanza.”

Nikatoa tepu, nikapima.

“Sentimita moja na nusu,” nikasema.

“Nilijua,” akasema. “Kaa chini.”